Shahidi Bora wa Bibi Esnath

Makambako,
11 Februari 2024

Obed mwanangu,

"Ndugu wa karibu ndiye shahidi bora wa mgonjwa mzee, mtoa huduma apate maelezo kwake kwanza." Hiyo ni sentensi yako, ukurasa wa sita wa rasimu ya mwongozo uliyoniletea nisahihishe Kiswahili. Kiswahili chake hakina kosa. Kila kitu kingine ndani yake ni kosa, na nitakuonyesha.

Naandika barua kwa sababu Jumanne ulinikatia simu. Usiniambie ni mtandao. Barua haikatiki, na nimeikabidhi kwa kondakta wa Coaster ya asubuhi mkononi, si kwenye begi.

Salamu kwanza, maana sijasahau nililelewa na nani. Hapa hatujambo. Mahindi yamefika kiunoni. Baba yako alishuka kutoka Mdandu wiki iliyopita akakaa kwangu siku mbili. Goti lake la kulia limevimba na hataki liguswe. Nilimwekea chai, akaitazama mpaka ikapoa, akaniuliza, "Telesia, mama ameshakunywa?" Nikamwambia, kaka, mama tulimzika. Akasema, "Najua, nilikuwa naulizia ile siku." Sijui ni siku ipi.

Sasa sentensi yako. Mwanamke aliyezaa watoto saba na kuzika watatu anaingia kwa daktari kwa miguu yake mwenyewe, na mdomo wake, na akili iliyolima mlimani miaka sitini. Daktari anamruka, anamgeukia binti yake: "Anaumwa nini?" Kana kwamba binti ameleta ng'ombe kwa bwana mifugo. Na hata bwana mifugo humshika ng'ombe kwanza. Wewe unataka kulifanya jambo hilo kuwa kanuni, ulichape, ulifundishe kwa watoa huduma thelathini na wawili wa mkoa mzima, uwape na cheti.

Shahidi bora ni yule asiye na la kupoteza. Ndugu ana la kupoteza. Ana aibu zake, ana haraka zake, ana gari linalomsubiri nje. Anasema anachoweza kukisema, kisha mnakiandika kama ndicho mgonjwa alichonacho. Nimesoma mahakama za kila namna vitabuni, hata za kale zilizochoma watu moto, na nyingi zilimwacha mshtakiwa aseme mwenyewe. Chumba chenu cha daktari hakifikii hapo.

Ukitaka mfano wa kufundishia, unao. Andika habari za yule tabibu Fredy. Oktoba 2021 nilimpeleka mama, bibi yako Esnath, pale kituo cha afya. Tumbo la chini lilikuwa likimuuma. Fredy alimpa dawa za minyoo na vidonge vya maumivu, akasema mwili umechoka. Miezi saba baadaye hospitali kubwa wakatuambia ni saratani ya mlango wa kizazi na imeshasambaa. Agosti tukazika. Hakumuuliza swali lililopaswa kuulizwa. Niliyaandika hayo gazetini kwa jina lake, wakubwa wake wakamhamishia Makete, na sijutii. Wafundishe hao thelathini na wawili: huyu ndiye mtu ambaye hakuuliza.

Ifute ile sentensi. Msalimie Jenifer na mtoto.

Shangazi yako,
Telesia


Njombe,
3 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nakiri nilikata simu. Ulikuwa umeshaniita karani wa mauti, na Jenifer alikuwa amekaa pembeni anasikia.

Sisi wazima. Mtoto ameota jino la pili. Baridi imeanza mapema mwaka huu, na maparachichi ya nyuma ya nyumba yamepukutika kabla ya kukomaa. Kuhusu baba, hata mimi ameniuliza kuhusu "ile siku". Nimemwomba aje Njombe apimwe. Amesema atakuja akimaliza viazi, nawe unajua viazi vya baba haviishi.

Nitakujibu kwa utaratibu, maana ukikasirika unaniacha nyuma.

Ile sentensi haikutoka kwenye dharau. Wazee wanakuja na mifuko ya dawa wasizozijua majina, wengine wanatumia za hospitali tatu kwa pamoja. Binti ndiye anayejua ya asubuhi ni ipi. Kamati ya mwongozo ina watu tisa, na wanane waliikubali. Kuifuta nahitaji sababu. Hasira yako nimewasomea, wakasema huyu mama anaandika vizuri, wakaendelea na chai.

Usidhani hatujifunzi kitu. Tumeanza kuwaita wazee wenyewe waje kuwa wagonjwa wa mazoezi. Jumatano alikuja Mama Dorosela wa kwaya, miaka themanini na moja. Nesi mmoja kijana akamwinamia na kumpigia kelele: "Bibi, unaumwa wapi?"

"Nani kakuambia mimi kiziwi?" akasema Mama Dorosela. "Ungenisalimia kwanza, ningekuonyesha mpaka ninapoficha ufunguo wa ghala."

"Samahani, bibi."

"Na bibi yako nani? Bibi ana mume, naye ni mjukuu wake. Umeleta mahari?"

Ukumbi mzima ukacheka. Lakini baada ya hapo yule nesi alivuta kiti, akakaa, akasalimia kwa Kibena, kamwene, akangoja, na Mama Dorosela akamweleza mambo ambayo mwanawe aliyemleta hakuwa anayajua. Mwanawe alikuwa nje, anaongea na simu. Nililiona hilo, Shangazi. Ndiyo maana sijasema moja kwa moja kwamba umekosea.

Sasa la Fredy. Jina lake limo kwenye orodha ya watakaokuja mafunzoni Septemba. Yuko kwenye zahanati huko Makete, mbele ya Tandala. Nilimpigia simu kumwambia mapema kwamba mimi ni mjukuu wa nani, asije akashtukia ukumbini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno moja: "Nilimuuliza." Nikamwambia shangazi yangu ameandika vingine. Akasema, "Jibu niliandika kwenye daftari la mgonjwa. Daftari mliondoka nalo ninyi."

Nakuuliza mambo mawili tu. Daftari la kliniki la Bibi liko wapi? Na je, aliuliza, au hakuuliza?

Mwanao,
Obed


Makambako,
17 Machi 2024

Obed,

Hatujambo. Mvua imeharibu barabara ya nyuma ya stesheni, na treni ya Alhamisi ilipita Ijumaa kama kawaida yake.

Daftari lilipotea wakati wa msiba. Unaikumbuka nyumba ilivyokuwa, watu mia na zaidi, vitu vimetupwa huku na kule, kila shangazi amefungua kila kabati. Usilitafute.

Swali lako la pili ni swali la polisi, na mimi siko kituoni. Kijana ambaye amepoteza nafasi nzuri mjini anasema alichosema kila kijana wa aina yake. Ulitarajia aseme nini? Mimi nimefundisha sekondari miaka ishirini na nane. Sijakutana na mwanafunzi aliyeiba mtihani akasema "niliiba".

Nakwambia tatizo la mafunzo yenu. Mnafundisha mikono: vuta kiti, inama, punguza sauti, andika kwa herufi kubwa. Vyema. Mama Dorosela atafurahi. Lakini hamfundishi jambo la kutisha zaidi, kwamba mzee anaweza kukaa mbele yenu akiwa na neno mdomoni, neno lote, limeshaiva, na akalimeza kwa sababu ya mtu aliyekaa pembeni yake. Mtu ambaye anampenda. Mtu aliyemnunulia viatu vya kuja navyo hospitali. Hilo mtalifundishaje? Kwa karatasi gani ukutani?

Nimekuwa nikipaka rangi chumba alicholala mama. Karibu miaka miwili sikukigusa. Chini ya godoro, upande wa ukutani, nilikuta vipande vya kitenge kumi na vinne. Vimekatwa sawasawa kwa mkasi wangu wa kushonea, nilioukuta hapohapo, ule niliomlaumu Dorkasi jirani kuwa ameuchukua. Vimefuliwa, vimekunjwa kama vitambaa vya altare. Niliviweka juu ya kitanda, nikakaa navyo.

Nikakumbuka kwamba mwaka ule wote alikuwa akiamka kabla yangu. Saa kumi na moja alfajiri nasikia bomba la uani, nasikia maji kwenye beseni. Nikimuuliza kwa dirishani anasema, "Nafua mtandio wangu." Kila siku mtandio. Nami nageukia ukuta, nalala.

Bado nalisikia lile bomba. Usinijibu kwamba ni bomba la Dorkasi, la Dorkasi liko upande wa pili. Nikitoka, beseni limekauka na limeegemezwa ukutani kama ninavyoliacha.

Futa ile sentensi, Obed. Sikuombi kama mtaalamu.

Telesia


Njombe,
9 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Barua yako ilikaa wiki tatu ofisini kwa basi, chini ya magunia ya mtu. Lakini hata baada ya kuipata nimekaa nayo miezi miwili, na hilo si kosa la basi. Ni vile vitambaa.

Jenifer anakusalimu. Baba ameshaingia kwetu, anapimwa wiki ijayo. Anasema Njombe ni baridi kuliko Mdandu, jambo ambalo si kweli.

Mwezi uliopita nilikwenda Makete kwa kazi, nikapitia zahanati ya Fredy. Nilimkuta nje, anapima presha ya mzee mmoja aliyekaa juani kwa sababu ndani kulikuwa na baridi. Alikuwa amepiga goti kwenye majani, mashine juu ya goti lake. Mkwe wa yule mzee alikuwa amesimama pembeni, anaeleza hali. Fredy akamwambia kwa adabu, "Baba, naomba unisubirie kule kwenye miti ya tufaha." Mkwe akauliza kwa nini. Fredy akasema, "Ni utaratibu wangu." Hakuna mwongozo wowote wenye utaratibu huo, Shangazi. Wangu unasema kinyume chake.

Tulikunywa chai. Hakukulaumu. Alisema tu kwamba makala yako aliibandika ndani ya mlango wa kabati lake, na kila asubuhi akivaa koti anaisoma. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu kuna kosa ndani yake, ila silo lile aliloliandika. Nilimuuliza mtu asiye mgonjwa, nikakubali jibu. Hilo nimelifanya."

Sikuulizi tena juu ya daftari. Lakini kuna jambo langu ambalo inabidi nikueleze kabla sijamuuliza mtu mwingine jambo lolote.

Unajua jinsi Bibi alivyokuwa akiniita mume wangu. Tangu nikiwa na kaptura. Yale ambayo hakuweza kuyasema mbele ya watoto wake aliyasema kwangu kwa utani, kwa sababu mjukuu na bibi hawana mwiko. Septemba 2021 alinipigia kwa simu yako. Ulikuwa umekwenda kanisani. Akaniuliza, "Mume wangu, unanikumbuka?" Nikasema nakukumbuka mke wangu mzuri. Akasema, "Basi njoo. Damu imerudi. Nitakuzalia mtoto wa mwisho."

Nikacheka. Nikamwambia aandae pombe ya ulanzi, nitakuja Krismasi na mahari. Naye akacheka. Kisha akasema, "Haya. Krismasi."

Mimi ni tabibu. Mwanamke mgeni kabisa wa miaka sabini na tisa akiniambia damu imerudi, namwandikia rufaa siku hiyohiyo. Huyu wangu aliniambia kwa njia pekee aliyokuwa nayo, nikamjibu kwa njia hiyohiyo, nikaona nimekuwa mjukuu mwema. Ilinichukua mpaka siku ya majibu kuikumbuka ile simu. Tangu hapo nimefundisha watu zaidi ya mia jinsi ya kusikiliza wazee, na sijamwambia hata mmoja.

Sikuandikii hivi ili na wewe useme. Naandika kwa sababu ni kweli.

Obed


Makambako,
28 Juni 2024

Obed,

Barua yako nimeipata. Mahindi tumevuna. Dorkasi nimemrudishia mkasi wake, maana nilikuwa nimechukua wa kwake kulipiza.

Alikupigia kwa simu yangu. Sikujua.

Sina la kuongeza kwa leo.

Shangazi


Njombe,
1 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimengoja barua ndefu, haikuja. Hiyo fupi nimeisoma mara nyingi kuliko zako zote.

Habari ni tatu. Mafunzo yanaanza tarehe ishirini na tatu mwezi huu. Mwongozo unakwenda kuchapwa tarehe kumi na tisa, na ukurasa wa sita uko vilevile. Niliwaeleza kamati habari ya simu ya Bibi. Wakanipa pole, kisha mwenyekiti akasema, "Hiyo inaonyesha kuwa wazee huwaambia ndugu. Inaitetea sentensi."

La pili, Fredy. Atakuja, lakini ameniambia ameshaandika barua ya kuacha kazi, ataikabidhi siku ya mwisho ya mafunzo. Amechoka kuitwa yule ambaye hakuuliza. Zahanati ile ina yeye na muuguzi mmoja. Wale wazee wanaokaa juani sijui watapigiwa goti na nani.

La tatu ni la nyumbani. Nilimpeleka baba kupimwa. Nesi alikuwa mmoja wa wale tuliofanya nao mazoezi na Mama Dorosela. Alivuta kiti, akamsalimia, akamuuliza, "Baba, usiku unalala vipi?" Nami nikajibu. Nikasema analala vizuri, goti tu linamsumbua. Sikufikiri, Shangazi. Jibu lilitoka lenyewe, kama mtu anayempokea mzee mzigo. Baba akanigeukia. Hakukasirika. Aliniangalia tu, kama anaangalia mlango aliodhani uko wazi.

Yule nesi akanitoa nje. Mimi mwalimu wake. Nilikaa kwenye benchi dakika ishirini. Baadaye nikaambiwa kwamba baba halali kabisa, kwamba tangu Bibi afe anakaa kitandani mpaka kunakucha, na kwamba hajawahi kuulizwa.

Natamani ungekuwepo uyaone macho yake. Nadhani unayajua.

Obed


Makambako,
15 Septemba 2024

Obed mwanangu,

Humu ndani ya bahasha kuna daftari. Ni lile la kurasa arobaini, jalada la bluu, jina la mama limeandikwa kwa mkono wangu. Halikupotea wakati wa msiba. Lilikuwa kwenye kabati langu la vitabu, nyuma ya kamusi, mahali ambapo katika nyumba hii hakuna anayefika ila mimi. Ufungue ukurasa wa tatu.

Wasalimie wote. Mwambie kaka nakuja, na kwamba nimeshaijua "ile siku" ni ipi. Ni mimi niliyemsimulia, siku ya arobaini, nikiwa nalia, na nilidhani amesahau. Yeye ndiye amenibebea miaka miwili bila kulala.

Haya yanayofuata si yako. Wasomee hao thelathini na wawili siku ya kwanza, kabla ya chai, Fredy akiwa amekaa mbele. Usiruke mstari. Nakala moja nimeipeleka kwa wakubwa wake Fredy, nyingine kwa gazeti lilelile, nikiwaomba walichape jina langu kwa ukubwa uleule waliolichapia jina lake. Kamati yako nayo isome, waone kama wanaye shahidi mwingine bora kuliko mimi.

*

Ndugu watoa huduma,

Naitwa Telesia, binti wa Esnath wa Mdandu. Mimi ndiye ndugu wa karibu.

Mama yangu alisema Kibena. Kiswahili alikijua cha sokoni, cha kuuza maharage na kuuliza nauli. Hivyo nilipompeleka kwa daktari niliingia naye, nikakaa kiti cha karibu na meza, naye akakaa kile cha nyuma yangu kidogo. Hakuna aliyetupanga hivyo. Niliona ndivyo inavyokaliwa.

Tabibu Fredy alimsalimia yeye kwanza. Hilo sikuliandika gazetini. Kisha akauliza maumivu yako wapi, nikatafsiri, mama akajibu, nikatafsiri. Akauliza yameanza lini, tukafanya hivyohivyo. Kisha akashusha sauti, akaangalia karatasi zake kwa heshima, akaniambia, "Mama, naomba umuulize kama anatokwa na damu sehemu za siri."

Kwetu binti hamuulizi mama yake jambo hilo. Mambo hayo hupitia kwa bibi, kwa shangazi, kwa watu wa pembeni. Mama mwenyewe hakuniambia nilipovunja ungo. Alimtuma dada yake baba. Leo nimuulize mimi, mbele ya kijana wa umri wa mwanangu, kwa sauti, mchana?

Sikumuuliza. Nikamjibu Fredy mwenyewe, kwa Kiswahili changu kizuri cha darasani: "Hapana. Mama yangu ana miaka sabini na tisa." Nilisema kwa ukali kidogo, ili aone haya.

Akaniuliza tena. "Una uhakika, mama?" Naam, aliuliza mara mbili. Nikasema mimi naishi naye.

Mama alijua neno damu. Ni neno la sokoni. Alilisikia. Akaniangalia akingoja nimgeukie, akiwa ameshainua mkono wake kutoka mapajani, hivi, kama mtoto anayetaka kuruhusiwa kusema. Kisha akasikia "hapana". Neno hilo nalo alilijua. Mkono ukarudi mapajani. Kwenye Coaster tukirudi aliniambia daktari yule ana adabu. Hakusema kingine, siku hiyo wala siku nyingine yoyote, mpaka hospitali kubwa waliposema wenyewe.

Kesho yake alfajiri nikasikia bomba.

Fredy aliandika, na daftari hilo sasa liko mkononi mwenu: "Kutokwa damu: hapana. Binti ndiye aliyejibu." Nililisoma siku ya mazishi. Wiki tatu baadaye nikakaa mezani nikaandika kwamba hakuuliza. Naandika vizuri, kila mtu husema. Kijana mmoja nimemwangusha kwa kalamu hiyo ili nisiuone ule mkono.

Fredy, uliuliza. Ichane barua yako ya kuacha kazi. Siombi unisamehe, hilo ni lako, ulifanye au usilifanye kwa wakati wako. Nakuomba urudi kwa wale wazee, maana wewe umeshajifunza ambalo wenzako hapo ukumbini wamekuja kulitafuta.

Na ninyi wengine. Kesho au keshokutwa ataingia kwenu mwanamke kama mimi. Mtamjua. Amevaa miwani, ana begi la dawa zimepangwa vizuri, ana tarehe zote kichwani. Amekaa mbele, na nyuma yake kuna mama mzee mwenye mikono mapajani. Huyo mwanamke anampenda mama yake. Atajibu haraka, kwa ufasaha, na mtashawishika, kwa sababu mmechoka na foleni ni ndefu.

Chukueni dawa zake, mzisome majina. Mshukuruni. Kisha mtoeni nje. Akikataa, mtoeni. Akisema ataandika gazetini, mwacheni aandike. Mama akiwa hajui Kiswahili, mwiteni muuguzi, mfagizi, mama yeyote wa foleni anayejua lugha yake na asiye wa damu yake. Fungeni mlango. Vuteni kiti. Mkisha kumuuliza, msiandike kitu mpaka ajibu yeye, hata kama itawachukua asubuhi nzima, na muiangalie mikono yake wakati mnangoja.

Mimi nitakuwa kwenye benchi la nje. Msinifungulie.

Telesia